Siku 71 nasubiri kibali cha kutengeneza dari, jibu likaja kwa rangi nyekundu ukutani

Assalamu alaykum, wanajamvi. Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kulieleza jambo lenyewe kwa mpangilio, kwa kuwa najua wapo wenzangu wa mitaa ya Mkomani na Langoni yaliyowafika haya haya, ila wameona heri wanyamaze.

Nyumba yetu hapa Lamu ni ya mawe ya matumbawe, boriti na chokaa, tuliyorithi kutoka kwa babu. Mwaka jana boriti za msana, yaani chumba kirefu cha ndani, ziliingia mchwa, dari ikalegea, na vipande vya chokaa vikawa vinaangukia kitanda cha mama usiku. Alipoangukiwa na kipande cha ukubwa wa ngumi, tulimhamishia tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, na huko ndiko anakolala hadi leo, mwanamke wa miaka 74, kila abishaye hodi anamkuta amejinyoosha.

Tarehe 8 Januari nilipeleka kwenye ofisi ya mipango ya kaunti maombi ya kubadilisha boriti hizo, pamoja na michoro na nakala za hati, nikalipa ada, na risiti ninayo. Sikupinga hata kidogo sharti la kuomba. Mji wa kale ulitangazwa kuwa eneo la kulindwa tangu 1986, na UNESCO ikauingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Anayeishi humu anajua kwamba hawezi kumwaga zege apendavyo. Katiba nayo, katika kifungu cha 66, imeipa serikali mamlaka ya kusimamia matumizi ya ardhi, na Jedwali la Nne limezikabidhi kaunti kazi ya mipango. Hilo sina ugomvi nalo. Ninachogombania ni kwamba mwenye mamlaka ya kukataa ana wajibu wa kujibu, na mimi sikujibiwa.

Nilikwenda ofisi hiyo mara sita. Mara faili ipo mezani kwa mkubwa, mara mkubwa yuko safarini, mara nirudi Jumatatu, na Jumatatu ikifika ninaulizwa kama nina uhakika kwamba nililipa. Sasa, sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inasema katika kifungu cha 58 kwamba mwombaji asiyepata jibu la maandishi ndani ya siku 60 atahesabiwa kuwa amepewa ruhusa. Siku 60 zilitimia tarehe 9 Machi. Niliongeza wiki moja nyingine kwa heshima tu, na tarehe 17 fundi akaegemeza dari na kuanza kutoa boriti ya kwanza, kwani masika yalikuwa yanabisha mlangoni.

Tarehe 20, siku ya 71, wakaja vijana wawili na kopo la rangi. Walichora X nyekundu, pana kama sinia, juu ya lipu ya chokaa kando ya mlango wa nakshi, na rangi ikachuruzika hadi kwenye baraza. Tazameni ajabu hiyo: sisi tunakatazwa hata saruji kwa jina la urithi, halafu walinzi wa urithi wanapaka rangi ya mafuta kwenye ukuta wa urithi. Karatasi waliyoniachia ina maneno mawili tu, «simamisha ujenzi», ilhali notisi ya namna hii hupaswa kueleza kosa lenyewe na hatua za kulirekebisha. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu yeyote ambaye uamuzi wa kiutawala umemdhuru. Sababu yangu iko wapi?

Na hapo ndipo moyo unapouma zaidi. Nyuma yetu, katika muda huo huo, limepanda jengo la wageni la matofali ya saruji, na dirisha lake la orofa ya tatu linachungulia moja kwa moja ndani ya kiwanda chetu, yaani ua wa ndani, mahali wanawake wa nyumba hii wanapofulia na kukaa bila buibui. Wazee wetu walijenga kwa kuchunga macho ya jirani kabla hapajakuwa na ofisi yoyote ya vibali. Jengo hilo halina X. Simtuhumu mtu rushwa, maana sina ushahidi. Nauliza tu kibali chake kilichukua siku ngapi.

Sheria inanipa siku 14 tangu kupokea notisi kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya uratibu wa mipango, na nisiporidhika, kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa nitaiwasilisha wiki hii, nikiambatanisha risiti na picha za dari. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya kamati hiyo naomba anieleze hapa alitakiwa kubeba nini, alisikilizwa baada ya muda gani, na kama fundi wake aliruhusiwa kuendelea wakati shauri linangoja. Boriti nne mpya zimelazwa tekani, kando ya kitanda cha mama, na jana usiku mvua ya kwanza imenyesha.