Mwanao akifika miaka 18: ya England na ya Pemba

Assalaam aleikum,

Bi mkubwa, umeuliza kama yatosha kuwaachia ndugu wa Wete, Pemba, shamba na fedha ili wamtunze mwanao wakati sisi hatupo. Mwanangu naye ana usonji, ametimiza miaka 16, na swali hilo hilo limeninyima usingizi, kwa hiyo unistahamilie nikijibu kwa urefu.

Hapa England, kwa sheria ya mwaka 2005 ya uwezo wa kuamua, mtu akishatimiza miaka 16 huchukuliwa kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo, na akifika 18 mzazi hawezi tena kuamua juu ya fedha wala makazi yake kwa kuwa ni mzazi tu. Ruzuku ya serikali unaweza kukubaliwa kuipokea kwa niaba yake, lakini kwa akiba na mirathi huenda ukalazimika kuomba idhini ya Court of Protection, yaani mahakama inayoshughulikia mambo ya wasioweza kujiamulia. Halmashauri nayo, kwa sheria ya 2014, yapasa imtathmini kabla ya 18 iwapo yaelekea atahitaji huduma za watu wazima. Usingoje waje, waandikie barua.

Kwenye mali ndiko wengi wetu tunakokosea. Kwa sheria ya Kiislamu, mwanao ni mrithi kama wenzake, na ulemavu haumpunguzii fungu. Wasia hauzidi theluthi ya mali, wala haumwendei mrithi ila wenzake waridhie. Lakini akiwa hapa na akakabidhiwa kwa jina lake fedha zinazozidi pauni 16,000, Universal Credit, yaani ruzuku ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hukatika. Kwa sababu hiyo mimi na mume wangu tumemwona wakili, ili tungali hai tutenge sehemu katika amana ambayo wasimamizi wake ndio wanaoamua kutoa nini na lini, kwani amana ya namna hiyo kwa kawaida haihesabiwi kuwa mali ya mtoto. Kwa upande wa nyumbani tunakusudia kuweka wakfu mikarafuu aliyoirithi mume wangu (kwetu, kama ujuavyo, mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa ya mwingine), nasi tutalipeleka jambo hilo kwenye Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya Zanzibar.

Ila mali hailei mtu. Msimu wa karafuu uliopita tulikuwa Wete. Bibi yake mwanangu alimkalisha jamvini, akamwonyesha mara moja tu, naye akaketi tangu asubuhi mpaka adhuhuri akichambua karafuu bila kuacha hata konyo (kijiti cha karafuu) moja, kazi ambayo binamu zake waliichoka baada ya pishi ya kwanza. Jioni wageni walipojaa na redio ikapandishwa sauti, aliziba masikio akaanza kujipiga kichwani, na ami yake, mtu mwema kabisa, akataka aitwe mganga. Mtoto hakuwa na pepo. Kelele zilimzidi, nasi wazazi ndio tuliokuwa hatujamweleza mtu yeyote.

Basi usiseme "ndugu". Mtaje mtu mmoja na wa pili wake, uwaulize waziwazi kama wanakubali, na uwaandike. Sisi tumeandika daftari kwa Kiswahili: anachokula, dawa zake, anachokiogopa, dalili za kuchoka kwake, na kwamba akipewa karafuu za kuchambua hutulia. Nakala anayo halati yake, na kila Ijumaa tunapopiga simu ya video, yeye ndiye anayezungumza na mtoto kwanza, kabla yetu.