"Ni nadharia tu": wanasayansi waliache neno hili, au watu wafundishwe?

Wadau, tulijadili hili bila jazba. Mwaka 2002, kaunti ya Cobb huko Georgia, Marekani, vitabu vya biolojia vya shule vilibandikwa karatasi inayosema mageuko ya viumbe ni "theory", yaani nadharia, si ukweli. Wazazi wakaenda mahakamani, na Januari 2005 Jaji Clarence Cooper akaamuru karatasi zibanduliwe. Rufaa ikairudisha kesi nyuma, hadi Desemba 2006 bodi ya shule ilipokubali kutozirudisha.

Wapo wanaoshauri wanasayansi waachane na neno hilo mbele ya umma, maana mtaani Mwingereza akilitamka ana maana ya kubahatisha. Napinga. Kinachopotosha si neno moja. Watu wanadhani nadharia tete (wazo ambalo bado halijapimwa) ikikomaa inakuwa nadharia, nayo ikithibitika inapanda cheo kuwa kanuni. Hakuna kitu kama hicho. Kanuni hutaja kinachotokea, mara nyingi kwa hesabu. Nadharia hueleza kwa nini kinatokea.

Mtazameni Newton. Kanuni yake ya uvutano ya mwaka 1687 ilikokotoa mienendo ya sayari vizuri mno, ila Zebaki ikagoma. Njia yake kulizunguka Jua ilikuwa inageuka polepole, na kila karne ilibaki ziada ya sekunde 43 za pembe isiyo na maelezo, kiasi kidogo kuliko hata sehemu moja ya themanini ya nyuzi moja. Aliyeieleza ni Einstein mwaka 1915, kwa kitu ambacho hadi leo kinaitwa nadharia. Nadharia ndiyo iliyoisahihisha kanuni!

Na sisi Waswahili tusijione tumepona. Fundi akikwambia "hiyo nadharia, njoo kwenye vitendo", unajua kabisa anaidharau.

— Mkuu, historia nakubali, hitimisho hapana. Mama anayejiuliza kama amchanje mwanawe hahitaji somo la falsafa. Ukimwambia "nadharia ya vimelea" atasikia mnakisia. Mwambie vimelea vinaleta ugonjwa, basi. Kimelea cha kifua kikuu, daktari Mjerumani Robert Koch alikionyesha kwa hadubini tangu 1882.

— Kliniki sawa, hapo umenishinda. Lakini kitabu cha shule? Ukilifuta neno humo, mtoto atalisikia kwanza kwa mtu anayetaka kumpotosha, na hatakuwa na la kumjibu. Walimu wa sayansi mliomo humu, kidato cha kwanza mnalifundishaje?