Tupeane uzoefu: jina ulilopewa limewahi kukuponza? Kina Shida, Tabu na Masumbuko piteni huku

MamaKijacho
Habari za usiku ndugu zangu. Jana nilikuwa kliniki, nimekaa kwenye benchi na tumbo langu la miezi minane. Nesi akatoa kichwa mlangoni akaita, "Mama Matatizo!" Kimya. Akaita tena, "Mama Matatizo yuko wapi, mtoto apimwe uzito!" Benchi zima tukageuka kumtafuta mwenye matatizo. Akanyanyuka dada mmoja mdogo tu, kajifunga kanga zake vizuri, anacheka kuliko sisi. Kumbe Matatizo ni mtoto.

Nilicheka njia nzima. Kufika nyumbani nikakumbuka ya kwangu. Mama mkwe ameshasema, akizaliwa wa kike ataitwa Shida, jina la mama yake aliyemlea yeye na wadogo zake peke yake. Mume wangu hasemi ndiyo, hasemi hapana, anaangalia mpira. Wenye majina ya namna hii niambieni ukweli: yamewaponza, au ni mimi tu naogopa kivuli?

Ngalawa Mbovu
Jina halimzuii mtu kula. Mzee Majuto alituchekesha miaka na miaka mpaka Mungu alipomchukua 2018, na hakuna aliyejuta kumtazama.

BintiSaluni
Shosti, watu wanakuficha. Mtoto hana neno, wewe ndiye utakayeitwa Mama Shida. Sokoni Mama Shida, msibani Mama Shida, kwenye vikoba Mama Shida. Mwenyewe ataolewa zake akuachie jina.

MamaKijacho
Uwiii. Hilo sikuliwaza kabisa.

Faida_H
Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu. Mimi naitwa Faida. Baba yangu anaitwa Hasara. Basi vyeti vyote vinasomeka Faida Hasara, halafu jina la babu. Na mimi, sijui nilitumwa na nani, sekondari nikachukua masomo ya biashara. Mwalimu wa hesabu za biashara akiita mahudhurio anatulia kwanza akifika kwangu, anavuta pumzi, ndipo anasema, "Faida... Hasara." Darasa linaanguka. Siku vitabu vikigoma kusawazika ubaoni, wote wananigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyekula tofauti.

Babu alipoteza ng'ombe wote mwaka aliozaliwa baba, akaweka kumbukumbu. Baba naye aliponipata mimi akaona amelipwa. Kwao hesabu ilifungwa pale, mimi ndiye niliyekwenda nayo shule.

Ushauri: kabla hujamwandikisha, ita majina yote matatu kwa sauti, la mtoto, la baba na la babu. Mumeo anaitwa nani?

MamaKijacho
Mashaka.

Faida_H
Shida Mashaka. Hapana dada. Hapana.

Ngalawa Mbovu
Babu je?

MamaKijacho
Bahati.

Ngalawa Mbovu
Shida Mashaka Bahati. Angalau mwisho mzuri, ila msomaji lazima avumilie.

MwlChaki
Mnaowacheka kina Shida njooni darasani kwangu. Nina Jayden, Jaiden, Jeiden na Jaden, na wazazi wote wanne wanaapa kwamba tahajia yao ndiyo sahihi. Mtoto akisajiliwa mtihani wa darasa la saba kwa herufi moja tofauti na cheti cha kuzaliwa, huko mbele anaanza kukimbizana na hati za kiapo kueleza kwamba Jaiden na Jayden ni mtu mmoja. Shida haina tahajia mbili.

BintiSaluni
Mwalimu mwanangu ni Jayden na sijaona tatizo. Kila mtu na zama zake.

MwlChaki
Ni yupi kati ya wanne?

IdiWaMtaaWaPili
Wacheni niseme na mimi. Nilizaliwa siku ya Idi, 1971. Nikaitwa Idi. Baba yangu, Mungu amrehemu, aliitwa Amini. Hebu jumlisheni wenyewe.

Mpaka darasa la kwanza hakuna aliyekuwa na habari na mimi. Mwaka huo huo, 1978, ikaja vita ya Kagera. Mwalimu Nyerere akasema redioni uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mtaani kwetu watoto waliyashika maneno yale kuliko hesabu za kujumlisha. Mapumziko yakigongwa nazungukwa. Mmoja anasema "uwezo tunao!", wa pili "sababu tunayo!", wakifika kwenye nia mimi nimeshaanza kukimbia. Nyumbani nilikuwa nasema nimeanguka. Siku moja baba akanifuata shuleni kuulizia, mwalimu mkuu akamwuliza "wewe nani?", akajibu kwa unyenyekevu, "Mimi ndiye Amini." Mwalimu mkuu alitoka nje kwanza.

Kampala ilipotekwa Aprili 1979 watu wazima walisherehekea mambo yao. Mimi nilisherehekea mapumziko.

mtu_wa_pembeni
"Mimi ndiye Amini" 😂😂 nimeamsha watoto.

Doto_Pekee
Mimi ni Doto. Pacha wangu alifariki tukiwa na wiki mbili. Kila ninapojitambulisha kwa mtu mpya swali la kwanza ni "Kulwa yuko wapi?" Nimewahi kujibu Mwanza, nimewahi kujibu yupo masomoni. Kwa wengine nimemwozesha na ana watoto watatu. Ni rahisi kuliko kusema ukweli mtu akakuharibikia uso. Sijawahi kutaka kubadili jina lakini.

Mkokoteni
Pole sana ndugu. Ila Doto ndiye mkubwa, watu wengi hawajui. Mkubwa humtuma mdogo atangulie akaangalie dunia.

Shija wa Saba
Wewe Mkokoteni umetoa wapi hayo? Kulwa ndiye wa kwanza kutoka, Doto anafuata, na anayezaliwa baada ya mapacha ni Shija, ambaye ni mimi. Usitufundishe Kisukuma chetu.

Mkokoteni
Sijasema nani katoka kwanza, nimesema nani mkubwa. Soma uelewe.

Shija wa Saba
Aliyetoka kwanza ndiye mkubwa. Kwenu mtu hupanga foleni akawa wa mwisho halafu akahudumiwa wa kwanza?

MzeeWaKahawa
Acheni ubishi, mwenye msiba wake yupo anawasoma. Na nyie vijana mnacheka majina bila kuuliza yalikuwa na kazi gani. Shangazi yangu mkubwa aliitwa Jalala. Bibi alikuwa amezika watoto watatu mfululizo. Wa nne alipozaliwa, wakunga wakamchukua wakamlaza pembeni ya jalala nyuma ya nyumba, jirani akapita kana kwamba ameokota, akaja kumwuzia bibi mtoto wake mwenyewe kwa senti. Wakampa jina hilo ili kifo kikipita kione hapo hakuna kitu cha kuchukua. Shangazi Jalala alizeeka mpaka akawa hasikii. Bibi alikuwa hamwiti kwa sauti kubwa, na alikuwa hamsifii mbele za watu, lakini ndiye pekee aliyekuwa akilala kitanda kimoja naye.

Baba wa Taifa mwenyewe mnalitamka jina lake kila siku. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua, maana alizaliwa mvua inanyesha. Na Nyerere, jina la baba yake, kwa Kizanaki ni kiwavi, kwa sababu mzee yule alizaliwa mwaka viwavi wamevamia mashamba. Nchi hii imeongozwa miaka zaidi ya ishirini na kiwavi, hakuna aliyekufa kwa aibu.

BintiSaluni
Mzee wa Kahawa umenifunga mdomo.

Ngalawa Mbovu
Kumbe kina Elinino wa 1998 mtaani kwetu wana historia. Nilidhani wazazi wao walikosa la kusema.

Semeni41
Nimekuwa nasoma kimyakimya tangu jana. Mzee wa Kahawa umenitoa machozi kwa hiyo shangazi Jalala.

Mimi naitwa Semeni. Nina miaka 41. Maisha yangu yote nilichukulia ni jina tu la kina bibi, kama Vumilia, kama Sikudhani. Baba alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini ukoo ukakaa kuzungumzia nyumba na shamba. Mimi nilikuwa nagawa chai. Baba mdogo akakohoa, hakuniangalia, akasema: "Kabla hatujafika mbali, kuna jambo wote tunalijua. Huyu jina lake ni ushahidi. Mama yake alipomzaa watu walisema mtoto si wa kaka, naye kwa jeuri akamwita Semeni. Mtu msafi hampi mtoto jina hilo."

Hakuna aliyebisha. Shangazi mkubwa anachora mkeka kwa kidole. Mimi nimeinama na birika, kikombe kimejaa, naendelea kumimina, chai inafuata mistari ya mkeka mpaka kwenye miguu ya watu na hakuna anayevuta mguu. Mama alikuwa ndani kwenye eda. Ukuta mmoja tu. Alisikia kila neno.

Naweka kituo, mtoto analia. Narudi.

mtu_wa_pembeni
Hapana Semeni usitufanyie hivyo.

Mkokoteni
Nimepaki bodaboda pembeni nisome. Abiria naye anasoma begani kwangu.

BintiSaluni
Dada nenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kapime DNA mfunge midomo.

MwlChaki
Haendi mtu pale kama dukani. Maombi yanapitia mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Na marehemu ameshazikwa.

BintiSaluni
Apime na huyo baba mdogo.

Ngalawa Mbovu
Ukute baba mdogo ndiye asiye wa ukoo. Shamba lote likarudi kwa Semeni.

IdiWaMtaaWaPili
Msimpoteze. Amezaliwa ndani ya ndoa, kwa dini mtoto ni wa mwenye kitanda. Habari imeishia hapo. Asipime chochote.

BintiSaluni
Na yeye asijue ukweli wake? Nyie wanaume mnapenda mambo yafunikwe.

IdiWaMtaaWaPili
Sijasema afunike, nimesema ni wake.

Shija wa Saba
Wakati tunamsubiri, Mkokoteni hujanijibu. Nani mkubwa?

Semeni41
Nimerudi.

Usiku ule watu walipotawanyika niliingia kwa mama. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza mambo mengi makubwa. Likatoka moja tu: "Mama, kwa nini uliniita Semeni?"

Akaniangalia kama nimemwuliza kwa nini kuna giza. "Nani kakwambia ni mimi?"

Yeye alitaka niitwe Mwanahawa. Walikaa miaka minane kwenye ndoa bila mtoto, mimba ilipoingia upande wa baba wakaanza maneno. Siku ya saba nyumba imejaa, ndugu wamekaa wamenuna, wanasubiri baba atamke jina la ukoo au akatae kutamka. Baba akanichukua mikononi mwa mama, akanibeba mpaka barazani ambako majirani nao wanasikia, akasema: "Huyu mwanangu. Anaitwa Semeni. Haya, semeni." Mama anasema walikunywa chai wakaondoka bila kuaga.

Nikamwuliza baba mdogo alikuwa wapi. Akasema alikuwa na miaka tisa, yupo uani anacheza gololi. Kaokota nusu ya habari, kakua nayo.

Kesho yake nilikirudia kikao nikawaambia. Baba mdogo akasema mama anajitetea. Ndipo shangazi mkubwa alipoacha kuchora mkeka, akasema, "Mimi nilikuwepo. Kaka alisema hivyo hivyo. Na mimi nilikuwa mmoja wa wale wasemaji." Kikao kikavunjika. Shamba lipo Mahakama ya Mwanzo mpaka leo, mwezi ujao tunaitwa tena.

mtu_wa_pembeni
"Haya, semeni." Huyo mzee.

MzeeWaKahawa
Mwanangu, mahakamani nenda na huyo shangazi. Mapema, kabla uzee haujamchukulia kumbukumbu.

Doto_Pekee
Nimesoma mara mbili.

Mkokoteni
Abiria kashuka bila kulipa, nimegundua sasa hivi.

Faida_H
Semeni jina la baba yako halisi lipo hapo hapo kwenye jina lako. MamaKijacho umefikia wapi?

MamaKijacho
Nimemsomea mume wangu ya Semeni. Kapunguza sauti ya mpira, halafu akauzima. Kakaa kidogo, kasema, "Bibi Shida alikuwa akinibeba mgongoni kwenda shamba na kurudi, wakati nina miguu yangu mizima." Miaka sita ya ndoa sijawahi kumsikia akimtaja. Nimemwambia kesho aende kwa mama yake akayaseme hayo mwenyewe, kisha tutajua.

BintiSaluni
Na la Mama Shida?

MamaKijacho
Huku nyumbani ameshaanza kuniita. Nimeitika mara moja kwa bahati mbaya.

Kipepeo Mvivu
Nimechelewa, sijasoma yote. Yule Matatizo wa kliniki alikuwa na kilo ngapi?

MamaKijacho
Nane na nusu, na ana miezi mitano. Nesi alimpima mara mbili.