Wakaguzi wa umeme wanapewa vyeti kwa kujuana, halafu sahihi zao ndizo zinazotulaza ndani ya majengo

Wakuu, nauandika uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni fundi umeme, kazi hii ndiyo inayonilisha, na siku zote nimemheshimu mkaguzi wa serikali kwa sababu sahihi yake ndiyo ya mwisho kabla jengo halijawashwa. Mimi nikikosea, yeye ndiye anayetakiwa kunikamata. Sasa naomba mtu anijibu: hawa wanaopewa vyeti siku hizi wamepimwa na nani, na wamepimwa nini?

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Jengo la ghorofa, vyumba vya kupangisha, wayaringi mpya kabisa. Mkaguzi kaja na fomu na kalamu, basi. Kipimo hana hata kimoja. Akafungua DB, lile boksi la kugawia umeme, akabonyeza kitufe cha majaribio cha RCD, kifaa kinachokata umeme ukivuja, ikaruka, akaanza kuweka tiki kwenye fomu kutoka juu mpaka chini. Nikamwambia, mkuu, hapo kwenye ukinzani wa insulesheni, yaani uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje, umeandika namba, lakini sijaona ukipima. Akasema RCD imeruka, kwa hiyo jengo liko salama. Akasaini, akapiga muhuri, akaondoka.

Kwa wasio mafundi, hili mlielewe vizuri, maana ndipo roho za watu zilipo. Kile kitufe kinajaribu RCD yenyewe tu. Ukikibonyeza, mkondo mdogo unapita kwenye resista iliyomo ndani ya kifaa, ili kuona kama kinafyatuka. Hakijui kama waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, umefika kwenye soketi ya chumba cha tatu. Unaweza kung'oa ethi ya jengo zima, ukabonyeza, na RCD itaruka vilevile. Wala hakikuambii imechukua muda gani. RCD ya kawaida ya miliampia 30 inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300 mkondo unaovuja ukifika miliampia 30, na ndani ya milisekunde 40 ukifika miliampia 150. Kwa nusu ya miliampia 30 haitakiwi kuruka. Hakuna binadamu anayeweza kuona tofauti hiyo kwa macho au kuisikia kwa sikio. Inapimwa kwa kifaa, namba inaandikwa, na namba hiyo ndiyo ukaguzi.

Utaratibu upo na haufichwi. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60364, ambacho nchi nyingi zimejenga kanuni zao juu yake, kina sehemu ya 6 inayohusu ukaguzi peke yake. Unaanza kuangalia kwa macho umeme ukiwa umezimwa. Kisha unapima: waya wa ethi unaendelea bila kukatika mpaka mwisho? Insulesheni, kwa sakiti hizi za kawaida za majumbani, inapimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu na isipungue megaomu 1. Polariti ipo sawa, au kuna mahali laivu (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia umeme) zimegeuzwa, swichi ikawa inakata nyutro huku holda ya taa imebaki na moto? Hitilafu ikitokea, sakiti breka itakata kwa wakati? Haya ni mambo ya msingi kabisa. Mwanafunzi wa ufundi anafundishwa. Mtu anayepewa mamlaka ya kuzuia jengo lisiwashwe hawezi kuwa hayajui.

Na kuna hatari ambazo hata vifaa vizuri havizioni. Kiungo kilicholegea kwenye terminali kinachemka polepole bila mkondo kuzidi kiwango chake, kwa hiyo sakiti breka inakaa kimya, na RCD nayo inakaa kimya kwa sababu hakuna umeme unaovujia ardhini. Kitaendelea kuchemka mpaka plastiki iungue. Aliyetakiwa kukikamata ni mkaguzi anayejua kazi, mwenye bisibisi mkononi, anayegusa kila skrubu huku swichi kuu imezimwa. Nyutro ya umeme wa fezi tatu, yaani laivu tatu zinazotumia nyutro moja, ikilegea ni balaa lingine: volti zinagawanyika ovyo, vyumba vingine vinapata pungufu na vingine vinapanda kuelekea volti 400, vyombo vinaungua mtu hajui kimetokea nini.

Lakini hasira yangu siyo kwa yule kijana. Yeye kapewa cheti, anakitumia. Hasira yangu ni kwa waliompa.

Nimeongea na mafundi walioomba kuwa wakaguzi kwenye mamlaka ileile iliyompa cheti, ambayo siitaji, na habari ni ileile. Masharti kwenye karatasi ni makali: elimu ya umeme, miaka ya kazi, mtihani wa kuandika, mtihani wa vitendo, usaili. Halafu chini kabisa kuna kipengele cha "uzoefu unaolingana". Hapo ndipo mlango wa nyuma ulipo. Unaleta barua ya bosi kwamba umefanya kazi za umeme kwa muda mrefu, na jopo likiridhika unasamehewa mtihani wa vitendo. Nani anaandika barua? Mkubwa wa kitengo. Nani anakaa kwenye jopo? Mkubwa wa kitengo huyohuyo. Nani anaandikiwa barua? Mtoto wa fulani, shemeji wa fulani, dereva wa ofisi aliyekuwa akiwapeleka wakaguzi saiti na sasa anahesabiwa kuwa naye alikuwa akikagua.

Fundi mwenzangu mmoja, mtu ambaye mimi nikikwama kwenye saiti ndiye ninayempigia simu, aliomba kwa njia ya mbele. Mtihani wa kuandika kafaulu. Kwenye usaili wakamwuliza nani kamleta. Hakuletwa na mtu. Jina lake halikutoka. Alipoomba aonyeshwe alama zake akaambiwa ni siri ya ofisi, na hakuna pa kukata rufaa. Yule niliyemwona na kalamu, kwa maelezo ya walioomba naye, mtihani wa vitendo hakufanya kabisa.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema uzoefu nao ni elimu. Nakubali, na nakubali kwa moyo wote, kwa sababu wapo wazee wa kazi hii wasio na cheti cha chuo ambao wangeweza kuwafundisha wahandisi. Ila mzee wa namna hiyo ukimpa kipimo mkononi na bodi yenye hitilafu ulizozificha makusudi, atazitoa moja baada ya nyingine mbele yako. Uzoefu wa kweli haukimbii mtihani wa vitendo. Anayeomba asamehewe ni yule anayejua atakwama. Kwa hiyo kipengele cha uzoefu kimsamehe mtu cheti cha shule, sawa. Kisimsamehe kushika kipimo.

Wengine watasema ofisi hazina fedha za vifaa. Basi zisitoe sahihi. Fomu yenye namba ambazo hazikupimwa ni uongo uliopigwa muhuri, na mwenye jengo anaichukua anaipeleka kwenye bima na kwa wapangaji kama ushahidi kwamba wako salama.

Na hakuna sababu ya kusema haijulikani namna ya kuwapima watu kwa haki. Kipo kiwango kinachohusu utoaji wa vyeti kwa watu, ISO/IEC 17024, na toleo la 2012 limeeleza wazi: mtahini akiwa na uhusiano na mtahiniwa, lazima hatua zichukuliwe ili mtihani usipoteze haki, na hatua hizo ziandikwe. Lazima kuwe na njia ya rufaa. Cheti kisiwe cha milele, mtu apimwe tena. Na yeyote akiuliza kama fulani ana cheti halali na cha kazi ipi, ajibiwe. Ukiyalinganisha haya na ofisi inayoita alama za mtihani siri yake, unaona mara moja kwamba kinacholindwa pale ni watu.

Ninachotaka ni hiki, na ninakitaka kwa maandishi. Waliosamehewa mtihani wa vitendo majina yao yajulikane, waitwe, wapimwe upya na watahini wasiotoka ofisi hiyo. Anayeandika barua ya uzoefu asikae kwenye jopo. Alama apewe mtahiniwa. Na kila fomu ya ukaguzi iandikwe namba ya kifaa kilichotumika na tarehe kilipohakikiwa usahihi wake, ili siku jengo likiungua tujue nani alipima nini, kwa kipimo kipi.

Majengo yaliyopitishwa kwa kalamu yarudiwe pia. Hili najua litaumiza watu mifuko, lakini watu wamelala humo ndani leo hii.

Mliopita kwenye mtihani huo, mliofaulu na mlioachwa, wekeni hapa mliulizwa nini na kama mlipewa kipimo mshike. Majina ya watu msitaje, tusije tukafungiwa uzi. Na wenye majengo, mkaguzi akija mwambieni awashe kifaa mbele yenu na awasomee namba kabla hajaiandika. Akikataa, msipokee hiyo fomu.