Nimelipia safari "ya binafsi" kwenda Dambulla na Sigiriya, nimetembezwa madukani siku nzima

Wakuu salaam. Uzi huu ni mrefu na naandika nikiwa bado na hasira, mwenye haraka apite. Tumerudi Dubai juzi usiku kutoka Sri Lanka, na hadi sasa nikifumba macho namwona yule dereva akinigeukia na tabasamu lake: "Dakika kumi tu, rafiki yangu. Kuangalia ni bure."

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na mkwe wangu, mama yake mke, aliyekuja kututembelea kutoka Pemba. Mkwe ana magoti. Aliye na mzazi mwenye magoti ananielewa. Basi la watalii lina ratiba yake, huwezi kuwaambia watu arobaini wasimame bi mkubwa avute pumzi. Ndiyo maana nikatafuta gari letu wenyewe, siku moja, kutoka Kandy tulikofikia: mahekalu ya mapangoni Dambulla, kisha jabali la Sigiriya, na jioni jabali la jirani yake, Pidurangala, kuangalia jua likizama. Wakala simtaji, uzi utafutwa. Bei dola 120, gari na dereva "ambaye pia ni mwongozaji wenu", tiketi za viingilio juu yetu. Kuondoka saa 11 alfajiri. Nikalipa yote mbele. Ndiyo, yote. Msinianze.

Hiyo saa 11 niliibembeleza mwenyewe, nikaandikiwa kabisa. Sigiriya ni jabali lililosimama peke yake katikati ya tambarare, karibu mita 180 kwenda juu, ngazi kama 1,200, na sehemu kubwa ya juu haina kivuli hata cha kuazima. Anayekwenda na mtu mzima anapanda asubuhi, jua likiwa bado na adabu.

Dereva alifika saa 1 na dakika 20. Sisi tuko barazani tangu saa 10 na nusu, mkwe ameupakata mfuko wake wa chapati. Hakuna samahani, hakuna nini. "Foleni." Foleni ya alfajiri, Kandy.

Basi tukaondoka, tukafika Matale. Barabara ya kwenda Dambulla inapita hapo, na kandokando kuna bustani za viungo mlango kwa mlango. Dereva akakata kona bila kuuliza. Dakika kumi, kuangalia ni bure. Akatupokea jamaa aliyevaa koti jeupe la kidaktari, akatupitisha kwenye miti, na kituo cha kwanza kikawa karafuu.

Nirudie. Watu wa Pemba. Tunafundishwa karafuu.

Akamwekea mkwe punje tatu kiganjani, akamuuliza polepole, kama unavyomuuliza mtoto wa chekechea, "Mama, unajua hii ni nini?" Mkwe akazitazama. Akanusa. Akaminya moja kichwani kwa ukucha aone kama inatoa mafuta. Kisha akanigeukia: "Mwambie haikukauka hii. Imeanikwa siku ya mawingu." Nikatafsiri neno kwa neno. Jamaa akacheka sana, akadhani ni utani, akaendelea na somo lake robo saa nzima. Huyu mama amechambua karafuu na makonyo tangu hajaanza skuli, amesomesha watoto sita kwa jamvi la kuanikia.

Nikiri jambo moja ili nisionekane mbaguzi wa viungo: mdalasini wao ni mdalasini. Gome jembamba, limekunjwa tabaka kwa tabaka, ukilibonyeza linavunjika kama karatasi kavu. Wetu kwa ule hauna maneno.

Mwisho wa bustani, bila shaka, duka. Hakuna njia nyingine ya kutokea. Chupa ya mafuta ya magoti, ndogo kama ya udi, rupia 14,000. Na mkwe wangu, yuleyule aliyetoka kuiumbua karafuu yao, akanunua. Sikusema neno. Ni mkwe.

Sasa kinachoniuma zaidi. Mimi nimekuwa papasi. Baada ya form foo nilishinda Forodhani miaka miwili nikiokota wageni, nimewapeleka Kizimbani mara zisizohesabika kuonyeshwa mdalasini na mzingefuri, na cha juu nimekula, sikatai. Kwa hiyo nilipochungulia dirishani nikamwona dereva nyuma ya duka anakunywa chai ya bure na kuandikiwa jina lake kwenye daftari, sikuhitaji kuelezwa. Mchezo ule naujua hadi harufu. Ila sisi mgeni akisema hataki, tunageuza gari. Haya, mara nyingi tulikuwa tunageuza.

Baada ya hapo duka la batiki (dakika ishirini na tano, hatukununua, dereva akanuna), na Dambulla tukaingia saa 5 kasoro.

Akatushusha chini penye ile sanamu kubwa ya dhahabu. "Pandeni, tiketi mtakata juu." Tukapanda, polepole, kituo baada ya kituo, mkwe anahesabu ngazi kwa tasbihi. Kufika mlangoni, mlinzi akatuambia tiketi haziuzwi pale. Zinauzwa chini. Upande mwingine. Mtu anayejiita mwongozaji, anayepeleka wageni kila wiki, hajui dirisha la tiketi liko wapi? Anajua. Alitaka tu kuegesha penye kivuli.

Nikashuka mbio, nikapanda tena natoka jasho kama mpagazi. Nakuta mkwe amekaa juu ya jiwe na mke wangu anafukuzana na kima. Chapati zimekwenda. Kima mmoja yuko ukutani anaitafuna anaichambua chambua kama mtu asiyependa mafuta.

Nisiyaseme vibaya mapango lakini. Ni matano, yako chini ya mwamba mmoja mrefu, na hadithi yake ni ya karne ya kwanza kabla ya Kristo. Mfalme Valagamba alifukuzwa Anuradhapura, mji mkuu wake, na wavamizi, akajificha humo miaka kama 14, na alipourudisha ufalme akayageuza mapango kuwa hekalu kwa shukrani. Humo ndani kuna sanamu 153 za Buddha, na dari yote imechorwa, kila kibonyeo cha mwamba kimefuatwa na rangi mpaka unadhani umetandikwa kitambaa. La kwanza limejaa Buddha mmoja aliyelala kwa ubavu, mita 14 hivi, amechongwa kwenye mwamba wenyewe, nawe unapita mguuni pake kwenye upenyo wa mtu mmoja mmoja. Mkwe alisimama pale kimya muda mrefu. Baadaye akasema nyayo zake zimepakwa rangi nyekundu kama za bibi harusi.

Haya yote nimeyatoa kwenye kibao na kwenye kitabu nilichonunua mwenyewe. "Mwongozaji" wetu alikuwa kwenye gari na kiyoyozi. Viatu unaacha nje, na kwa kuwa tulifika jua likiwa limeshapamba moto badala ya asubuhi mapema, tukatembea pekupeku juu ya jiwe linaloungua. Niliona wazee wa Kijapani wamevaa soksi nene, nikajua hao walikuwa na mwongozaji wa kweli.

Chakula cha mchana tusikizungumze. Alitupeleka anakotaka yeye, watalii watupu, wali wa baridi.

Sigiriya tukafika saa 8 mchana. SAA NANE. Kiingilio dola thelathini na ushee kwa kichwa, zidisha kwa tatu. Nikamwambia dereva twende sasa, kazi yako ndiyo hii. Akashika kifua: "Mimi moyo wangu haupandi." Basi ungesema Kandy!

Tukaingia peke yetu. Mwanzo ni bustani za maji, zimepangwa sawasawa kama zimechorwa kwa rula, na zina umri wa miaka 1,500. Zilipoanza ngazi akatokea kijana, akamshika mkwe kiwiko, "Mama, mama, taratibu." Hatukumwita. Nilimfukuza mara mbili, anarudi. Penye ngazi za mzunguko akanitajia rupia 3,000 za "msaada". Nikampa 1,000. Mkwe akanilaumu, eti kijana wa watu kaniita mama.

Hizo ngazi za mzunguko ni za chuma, zimebandikwa ukutani, zinakupeleka kwenye kibonyeo cha mwamba ambamo wamechorwa wanawake wenye maua mikononi, wamebaki ishirini na kitu tu, rangi bado ina damu. Kupiga picha marufuku. Chini yake kuna ukuta uliokuwa ukisuguliwa hadi mtu anajiona, na juu ya ukuta huo wageni wa zamani wameandika mashairi kwa mamia, tangu karne ya sita, wengi wakiwasifu hao wanawake. Mtaalamu wao Senarat Paranavitana aliyasoma na kuchapisha 685 mwaka 1956. Nilijua hivyo kwa kutega sikio kwenye kundi la wengine, mwongozaji wao akanikata jicho, nami nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Dola 120 nimelipa, naiba elimu! Siku hizi ukikwaruza pale unafungwa, la sivyo na mimi ningeacha beti mbili kuhusu dereva.

Mkwe alifika mpaka kwenye makucha ya simba. Naomba jambo hilo liheshimiwe. Ni uwanja karibu na kilele, una nyayo mbili kubwa za simba zilizojengwa kwa matofali, ngazi zinapita katikati; zamani ulikuwa unaingia mdomoni mwake. Kuna vibao vinaonya watu wasipige kelele wasije wakawaamsha mavu wenye viota kwenye mwamba. Mkwe akakaa chini ya ukucha, akasema, "Nyie nendeni, mimi na simba tunapumzika." Uso umemwiva. Ingekuwa saa 2 asubuhi angefika juu, nina hakika kama ninavyojua jina langu.

Juu kuna misingi ya jumba la mfalme Kashyapa, aliyetawala 477 hadi 495. Alimpindua baba yake na kumuua, masimulizi ya kale yanasema alimzibia ukutani akiwa hai, kisha akahamia juu ya jabali kwa kumhofu ndugu yake Moggallana aliyekimbilia India. Ndugu akarudi na jeshi, na ndio ukawa mwisho wake. Mke wangu alisimama ukingoni akanionyesha Pidurangala ng'ambo pale, watu wadogo kama siafu wanajipenyeza kwenye mawe ya mwisho. Hilo ndilo alilolitaka tangu mwanzo, kuitazama Sigiriya kutoka kule, na kujivuta mwenyewe juu ya mawe, si ngazi.

Tulishuka saa 11 kasorobo. Tukasali adhuhuri na alasiri kwenye majani karibu na maegesho. Jua linazama saa 12 na robo hivi na Pidurangala ni mwendo wa dakika chache tu kwa gari. Dereva: "Haiwezekani. Jioni tembo wanavuka barabara." Nikamwambia tembo kwetu wapo, tuendelee. "Wamefunga." Nikamwambia naona watu juu. "Tutachelewa Kandy." Tunachelewa nini Kandy? Sisi kulala tu!

Akageuza. Mke wangu hakusema kitu, akaangalia dirishani mpaka Matale.

Saa 1 usiku tukapita Akurana, mji wa Waislamu, msikiti unawaka taa pembeni ya barabara. Nikaomba dakika kumi tuwahi magharibi. Najua msafiri anajumlisha sala, msiniletee fatuwa, niliomba tu. Akasema hakuna muda. Dini si tatizo, mwenye nyumba tuliyofikia ni Mbudha na alitutandikia mkeka bila kuombwa. Tatizo simu ya dereva ilikuwa kwenye spika, na kila baada ya robo saa kuna mtu anapiga, katikati ya maneno yao nasikia "Tanzania" na "three".

Saa 1 na nusu gari likasimama. Si kwetu. Duka la vito. Taa zote zinawaka, vijana wawili mlangoni wamefunga tai, na sinia la chai vikombe vitatu.

Dakika kumi za msikiti hazipo. Dakika kumi za yakuti zipo!

Hapo wakuu nilipandisha. Nilimwambia hatushuki, washa gari. Akasema amewaahidi. Nikamwambia mimi ndiye uliyeniahidi. Tulikaa hivyo, chai inapoa, mpaka mkwe akafungua mlango wake akaanza kutembea kwa miguu kuelekea mjini, magoti na yote. Ndipo dereva akawasha. Na tulipofika, mbele ya mama mtu mzima, akanyoosha mkono wa bakshishi.

Nimemwandikia wakala, nimeambatanisha ratiba yao wenyewe na saa zote. Jibu: poleni, dereva amesema mlichelewa kwa sababu ya mzee, karibuni tena kwa punguzo la asilimia 10. Kwa sababu ya mzee! Aliyekuwa barazani saa 10 na nusu na chapati!

Mwenye uzoefu wa kudai pesa zilizokatwa kwa kadi za benki za huku aniambie naanzia wapi. Wa kuja kuniambia "utalii ndivyo ulivyo", nimeshaonya.

NYONGEZA: Wanaouliza ungefanyaje tofauti: lipa nusu, nusu jioni. Andika kwenye ujumbe "hakuna duka" na dereva mwenyewe ajibu sawa. Lala Dambulla au Sigiriya palepale, si Kandy, uwe mlangoni kunapopambazuka.

NYONGEZA 2: Anayeuliza kuhusu mafuta, mkwe ameshamaliza chupa. Magoti vilevile. Anasema yananukia karafuu, na safari hii imekauka.