Picha za nyota na duara: zina roho au ni rangi tu?

Mkaazi wa Malindi: Assalamu alaykum. Maduka ya Mji Mkongwe siku hizi yamejaa picha za duara, nyota na mizunguko, hamna mtu wala mti. Muuzaji anakwambia hiyo ni safari ya roho. Mie naona tunauziwa maneno. Afadhali hata wachora twiga, japo twiga wenyewe hawajawahi kumuona, wananakiliana tu.

Binti Mkunazini: Si maneno, kaka. Mchoraji Hilma af Klint wa Uswidi alianza michoro yake ya namna hiyo, aliyoiita ya hekalu, 1906, ikafika 193. Akaagiza isioneshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kufa kwake, naye kafa 1944. Anayetafuta mnunuzi hafichi kazi hivyo.

Fundi wa Darajani: Mkaazi, rudi hapo kwenye twiga. Mie nachora kwa mtindo wa tingatinga na twiga huyo kanisomeshea watoto. Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha Dar miaka ya 60 na rangi za kupakia baiskeli. Leo wewe unatuita wanakili?

Mpemba wa Wete: Fundi, usiwake. Lakini kweli, twiga hayupo Unguja wala Pemba. Kima punju yupo Jozani, popo wetu yupo Pemba. Mbona hatuwaoni ukutani?

Fundi wa Darajani: Punju nimemchora. Hauziki. Mgeni anauliza twiga, na kodi ya duka hainisubiri.

Bi Mkubwa wa Kizimkazi: Wanangu, mmeiacha mada. Msikiti wetu wa Dimbani una maandishi ya Kufi, hati ya Kiarabu ya kale, ya mwaka 500 Hijria, 1107 Miladi. Wengi wetu hatuwezi kuyasoma, na bado mtu akiyatazama moyo unatulia. Sura ya mtu hamna pale.

Mkaazi wa Malindi: Shikamoo bibi. Yale ni maneno, msomaji wake yupo. Duara la buluu anasoma nani?

Binti Mkunazini: Kandinsky, mchoraji wa Urusi, aliandika kitabu kizima kuhusu hilo, 1911 kama sikosei. Kwake buluu inavyozidi kukoza ndivyo inavyomvuta mtu kwenye yasiyo na mwisho. Hujakubali, sawa, lakini usiseme hawana wanachokiamini.

Mpemba wa Wete: Imani ya Kandinsky inamhusu nini muuzaji wa Hurumzi, hapo Mji Mkongwe? Huyo aeleze yake.

Fundi wa Darajani: Mnazunguka tu. Mkaazi hajanijibu. Aje dukani anioneshe twiga mmoja niliyemnakili kwa mwenzangu. Mmoja tu.