Kikundi cha Nyumbani: Gati la Maji ya Usiku

SWALEH: Assalamu aleikum jamaa. Shikamoo Bibi, shikamoo Ami Athumani. Nina ombi. Jumamosi baada ya Isha vijana wa mtaani waja darini kucheza ule mchezo wa hadithi, wa karatasi na dadu. Safari hii hadithi ni ya zama zijazo: mji wa bandari, majumba marefu, roboti, meli za kwenda angani. Sitaki kuuchora mji wote kabla. Nataka kila wakikata kona turushe dadu tupate mahali papya. Nani atanisaidia kujaza majedwali, yaani orodha zenye namba: dadu yatoa namba, twasoma tumepata nini?

OMARI (Mombasa): Waaleikum salaam. Mbona usibuni tu papo hapo? Wewe hadithi hazikuishii.

SWALEH: Kichwa cha mtu mmoja kina mazoea yake, Omari. Kila mtaa utapata mkahawa na genge la wezi. Dadu hazina mazoea. Zakupa vitu viwili ambavyo usingeviweka pamoja, halafu yakubidi ufikiri vimekutanaje.

SWALEH: Na si jambo geni. Michezo hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, na tangu hapo ina majedwali ya kurushia dadu. Mwaka 1977 Marc Miller alitoa Traveller, mchezo wa angani. Humo dadu mbili zaunda dunia nzima: bandari yake, ukubwa, hewa, maji, idadi ya watu, serikali, ukali wa sheria. Na kitu cha kwanza kuandikwa ni bandari.

AMI ATHUMANI: Marahaba. Bandari kwanza. Huyo ajua.

AMI ATHUMANI: Lakini mui, mji wako huo, hauzaliwi kwa dadu mwanangu. Mui una sababu. Watu wamekaa Amu, hapa kisiwani Lamu, kwa kuwa kisiwa cha Manda chatukinga na mawimbi, mkondo una kina, na mai matamu yako Shela chini ya milima ya mchanga. Mvua yanyesha, mchanga wayaweka. Ondoa mchanga ule, Amu hakuna.

SWALEH: Hapo hasa ndipo nakutaka, Ami. Dadu zitoe kitu, sisi tutoe sababu. Mahali pasipo na sababu wachezaji hupita tu. Nataka kila mahali pawe na jibu la swali lako: maji yatoka wapi, na ni ya nani?

AMI ATHUMANI: Hilo liandike juu kabisa.

DA ZAINABU: Nimetoka darasani sasa hivi. Swaleh, warusha dadu moja au mbili?

SWALEH: Sijaamua. Nina za pande sita za kutosha, nyekundu na nyeupe. Za pande kumi ninazo pia, zile za kusomwa 00 mpaka 99.

DA ZAINABU: Za pande sita zatosha, lakini jua wazisoma vipi, kwa sababu kila usomaji ni mji wake. Ukizijumlisha, 7 ina njia 6 kati ya 36. Hiyo 2 ina njia moja, na 12 njia moja. Kuanzia 6 mpaka 8 pana njia 16, karibu nusu. Basi katikati weka vitu vya kila siku: nyumba za watu, maduka, maghala. Pembeni weka vya ajabu. Ukirusha dadu moja, kaburi la meli ya angani litatokea sawa na duka la unga, na hakuna atakayeshangaa tena akiliona.

DA ZAINABU: Usomaji wa pili: nyekundu makumi, nyeupe mamoja. Wapata 11 mpaka 66, nafasi 36, zote sawa. Huo utumie pale unapotaka aina nyingi na hujali ipi itatoka mara nyingi. Kwa mfano hali ya mahali, au shida iliyopo.

SWALEH: Kwa hiyo jedwali la kwanza, la mahali, ni la kujumlisha; la pili, la hali, na la tatu, la shida, ni ya kusoma tarakimu.

DA ZAINABU: Ndiyo. Na mtaa nao ubadilishe hesabu. Wakiwa pwani ongeza 1, wakiwa juu kwa matajiri punguza 1. Ukipanga maghala upande wa 8 na 9, na majumba ya fahari upande wa 5, mji wenyewe utaegemea panapofaa.

OMARI: Da Zainabu ningekuwa mwanafunzi wako ningefaulu.

FATMA: Mimi nataka punda! Vichochoro vyembamba, gari haliwezi kupita hata miaka mia mbili ijayo. Roboti wa mizigo wa miguu minne.

SWALEH: Imeingia. Jedwali la hali, 24: "mizigo hufika kwa roboti wa miguu minne tu".

FATMA: Niko na Bibi, yeye asema niandike. Bibi asema: misikiti na makaburi usitie kwenye dadu. Wala nyumba ya mtu wa mtaa huu anayejulikana. Watoto watacheza, kisha kesho watamtazama mtu kwa jicho la mchezo.

SWALEH: Nimesikia Bibi. Hayaingii. Mji ni wa kubuni na watu wake ni wa kubuni.

FATMA: Bibi asema pia: tia wikio.

OMARI: Hapo sasa! Majumba marefu yaliyounganishwa kwa wikio, ghorofa kwa ghorofa.

FATMA: Asema zamani mwanamke aliweza kutoka nyumba hii akaingia ile, akasalimia jamaa zake wote, bila kushuka kichochoroni. Anayetembea chini hajui nani amepita juu yake. Asema mji wako uwe na njia mbili, ya chini na ya juu, na wanaojua moja wasijue nyingine.

SWALEH: Bibi, hii ni jedwali zima! Sikuwa na jedwali la njia. Majedwali mengi ya miji ambayo nimeyasoma yakupa mahali, yakakuacha hapo. Hayasemi wafikaje ukitoka pale ulipo. Basi kila mahali patarushiwa dadu moja ya njia: 1 kichochoro, 2 ngazi za nje, 3 wikio, 4 mashua, 5 kupitia ndani ya nyumba ya mtu, 6 njia iliyozibwa.

AMI ATHUMANI: Namba 5 lazima upige hodi.

SWALEH: Na ukipiga hodi lazima kuwe na mtu wa kuitika. Vizuri sana. Haya, tujaribu. Narusha sasa, pwani, kwa hiyo naongeza 1. Zimetoka 3 na 4, jumla 7, yawa 8: gati au ghala. Hali, 35: "hufunguliwa usiku tu". Shida, 52: "kuna anayedai ni urithi wake".

FATMA: Magendo!

SWALEH: Magendo ndiyo yatakayomjia kila mtu kwanza, Fatma. Tuyaweke kando tuone nini kiko nyuma yake. Kwa nini gati lifunguliwe usiku tu?

OMARI: Joto? Labda mchana jua lachoma mpaka watu hawatoki.

SWALEH: Yafaa, lakini hiyo ingefunga mji mzima, si gati moja.

AMI ATHUMANI: Mimi ninakwambia. Gati hilo liko ndani, mahali pasipo na kina. Kama kwenye mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, tulivyokuwa tukingoja mai yajae ndipo chombo kipite. Sasa angalia. Mai hujaa mara mbili, mchana na usiku. Hayabagui. Basi gati likifunguliwa usiku tu, si bahari iliyolifunga. Kuna mtu ameyachukua mai ya mchana.

DA ZAINABU: Ami!

OMARI: Nimesisimka. Meli za kampuni kubwa zaingia kwa maji ya mchana, na wadogo wameachiwa maji ya usiku.

SWALEH: Ami Athumani, nimeandika neno kwa neno. Hii haikuwa kichwani mwangu, wala haikuwa kwenye dadu. Na yaeleza kila kitu: taa, walinzi, bei ya samaki asubuhi. Na bamvua, maji ya kujaa sana, ikipita, na maji mafu yasiyojaa sana yakiingia, vyombo vikubwa havipiti kabisa, kwa hiyo zile siku gati ni la wadogo mchana na usiku. Wachezaji wakijua kalenda ya mwezi watapanga mambo yao.

AMI ATHUMANI: Wafundishe kalenda hiyo. Hata nje ya mchezo yafaa.

DA ZAINABU: Bado 52. Nani adai urithi?

FATMA: Roboti! Yule wa miguu minne. Alimbebea mizigo mwenye gati mpaka mzee akafa, na sasa hataki kuondoka.

OMARI: Roboti hawezi kurithi.

FATMA: Ngoja, Bibi asema jambo.

FATMA: Bibi asema: kweli, roboti harithi. Warithi wanajulikana, na fungu la kila mmoja lajulikana. Lakini mzee aweza kuacha wasia kwa asiyekuwa mrithi, na wasia haupiti thuluthi. Asema: basi muulize roboti ana wasia au hana. Na mashahidi ni nani.

SWALEH: Allahu Akbar. Thuluthi ya gati ni ya roboti.

DA ZAINABU: Na theluthi mbili za warithi, ambao labda washauza kwa kampuni. Kwa hiyo kampuni haiwezi kulifunga gati mpaka roboti akubali, na roboti hakubali.

OMARI: Na mashahidi wa wasia wamebaki wangapi?

SWALEH: Hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi. Wachezaji watamtafuta shahidi. Mmoja yuko juu, nyumba ya wikio, na wao wanajua njia ya chini tu. Tumerusha mara moja, tumepata hadithi ya usiku mzima.

DA ZAINABU: Ukitaka kujua: ukiwa na mahali 11, kuanzia 2 mpaka 12, hali 36 na shida 36, michanganyiko ni 14,256. Lakini naona sasa idadi si kitu. Mmoja uliokalishwa chini ukaulizwa maswali washinda yote iliyobaki.

SWALEH: Na matokeo yakijirudia? Tuseme nimepata zahanati, na nyumba ya pili zahanati tena?

DA ZAINABU: Usirushe upya. Uliza kwa nini ziko mbili.

AMI ATHUMANI: Moja ya kulipia, moja ya wasio na vitambulisho. Ukuta mmoja.

SWALEH: Naandika. Limebaki la ramani. Kuna njia ya kumwaga dadu nyingi juu ya karatasi: zinapoangukia ndipo penye majengo, na namba yasema ni nini. Zikirundikana ni mtaa uliobanana, pakibaki weupe ni uwanja au maji. Dadu zangu hazitoshi karatasi kubwa.

FATMA: Bibi asema chukua komwe za bao, ziko kwenye zidaka chumba cha ndani. Uzihesabu kabla na uzihesabu baada.

SWALEH: Nashukuru sana Bibi. Komwe zitaonyesha majengo, dadu zitasema aina yake. Naja kuzichukua baada ya Asri.

OMARI: Jumamosi nipigieni kwa video. Nataka kuwa wakili wa roboti.

SWALEH: Wewe ni wakili wa warithi. Roboti ni Fatma.

OMARI: Sawa. Naomba nakala ya wasia mapema.

DA ZAINABU: Swaleh, nitumie majedwali niyapige chapa shuleni kwangu kesho. Nimeona jedwali la kwanza lina tundu. Namba 12 umeacha tupu.

SWALEH: Nimeiacha kwa makusudi, ni ile ya njia moja kati ya 36. Sitaki kuijaza mimi. Ami?

AMI ATHUMANI: Kisima cha mai matamu, katikati ya mui, hakina mwenyewe.

OMARI: Hakina mwenyewe kabisa?

AMI ATHUMANI: Kabisa. Waache waone watakifanya nini.

SWALEH: 12, kisima. Da Zainabu, nakutumia sasa.